Chumba Kisicho na Upepo

Uwanda wa Ufipa,
huku kusini mwa Sumbawanga

Mama yangu,

Shikamoo. Ukishaitikia ndipo Ambokile aendelee kusoma, maana namjua mdogo wangu huyo, hukimbilia habari akaziacha salamu mlangoni. Magoti yanaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Na mvua za Tukuyu, bado zinanyesha kama zinalipwa mshahara, au zimeanza kuchoka? Sisi huku tu wazima wa kuvaa makoti. Upepo ni ule ule niliokuandikia mwaka juzi, ila sasa tuna mitumba. Siku hizi za ruksa ya biashara kila kitu kinafika mnadani, na ukiingia kanisani Jumapili utadhani umepotea njia ukatokea Ulaya. Mzee wa kanisa anavaa koti la mwanamke wa Kizungu lenye manyoya shingoni, na hakuna anayecheka, kwa sababu kila mtu anamwonea wivu.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa utingo wa lori la maharage. Umeuliza jambo moja tu: mkweo Tumpe atajifungulia wapi. Na umeagiza nimpandishe basi aje kwako. Mama, ingewezekana ningemleta mwenyewe. Lakini mimba imeshakuwa kubwa, na barabara ya kutoka Sumbawanga mpaka Tunduma unaisikia. Mtu mzima asiye na mimba hushuka pale akiwa amejifungua yote aliyokula. Nesi wetu wa hapa, Agripina, amesema kwa jinsi Tumpe alivyotoka damu safari ile tuliyompoteza mtoto, asizae njiani wala asizae nyumbani. Azae kituoni, penye sindano. Na Tumpe amesema chumba kile cha wazazi haingii. Hapo ndipo tulipo. Asubuhi nesi ananiambia lake, jioni mke wangu ananiambia lake, na katikati ya hao wawili mimi napiga randa.

Inabidi nikueleze habari ya chumba hicho, usije ukadhani mkweo ni mkaidi.

Kituo chetu cha afya ni kipya. Kilijengwa kwa pesa za wafadhili, wananchi tukachangia mawe, mchanga na kelele. Kilipofunguliwa alikuja ofisa mmoja kutoka wilayani, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, akaitisha mkutano uwanjani ili achukue maoni ya wananchi kuhusu huduma. Jambo lenyewe lilitushangaza kidogo. Zamani ofisa alikuja kutupa maoni. Huyu amekuja kuyachukua. Watu wakakohoa kwanza.

Walianza na sifa. Tangi la maji lilisifiwa. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, kati ya wale waliohamia huku na ng'ombe wao, akauliza kama maji yale ni ya wagonjwa wa miguu miwili tu. Vyoo vilisifiwa sana. Mzee Kasiani, mwenyekiti wetu, alisema ni vizuri kiasi kwamba funguo anakaa nazo yeye ili visichafuliwe, na kweli mpaka siku ile havikuwa vimechafuliwa na mtu yeyote. Magodoro yakasifiwa na wanaume, ambao hawayalalii.

Ndipo akasimama bibi Apolonia, mjane anayefinyanga vyungu, akasema wanawake wana mambo mawili. La kwanza, madirisha ya chumba cha wazazi yana wavu mtupu, na upepo unaingia kama mwenye nyumba. La pili, hakuna mahali pa moto. Huku, Mama, mwanamke akijifungua hukaa na moto pembeni yake, na mama yake au mama mkwe huuchochea. Kwao kuzaa hakujaisha mpaka mgongo wa mzazi umepata joto. Nyumba zao ni za nyasi, moshi unapanda na kujipenyezea kwenye paa, na kinachodhurika ni macho tu.

Ofisa aliliandika la kwanza. Kwa la pili alicheka, wala si kwa ubaya, akasema hospitali si jikoni. Watu nao wakacheka kwa heshima. Bibi Apolonia akakaa chini akijifunga khanga upya.

Basi tukasikilizwa, nusu. Lori likaleta mbao, plaiwudi na silingibodi, na kazi nikapewa mimi. Unajua ninavyofanya kazi. Niliweka dari, nikaziba madirisha kwa mbao juu ya wavu, nikabakiza kidirisha cha kufungua na kufunga, na mlango nikaupiga randa mpaka ukabana kama kifuniko cha kopo la maziwa. Ukiingia na kuufunga ulikuwa unasikia masikio yako mwenyewe. Watu walikuja kutazama. Walisema fundi Mnyakyusa ametengeneza chumba pekee kisicho na upepo Ufipa nzima, nami nikasimama pale nikijifanya sisikii.

Kipupwe kilipofika, alijifungulia humo Leokadia, binti wa bibi Apolonia. Alikuwa rafiki wa Tumpe. Walikuwa wakisukana nywele kizingitini kwetu na kunisema mimi mwenyewe nikiwa nasikia, halafu wanacheka. Akapata mtoto wa kiume, salama kabisa. Baadaye akaanza kutetemeka, kama wazazi wanavyotetemeka, na mama yake akafanya alivyofanyiwa yeye na mama yake. Alikwenda nyumbani akarudi na chungu kilichovunjika mdomo, ndani yake mkaa uliokwisha kushika vizuri. Hakuleta kuni, hakutaka moshi umkere nesi. Akakisukuma chini ya kitanda na kuteremsha shuka mbele yake. Nesi alipokuja kumchukua mtoto akampime uzito chumba cha pili, hakuona kitu. Leokadia akasema sasa joto linamwingia, ana usingizi. Mama yake akamfunika, akakifunga kidirisha, akauvuta mlango taratibu, akaenda kwenye tangi kufua nguo.

Ulikuwa mchana mweupe, jua linawaka na upepo unapeperusha nguo kambani. Bibi alipomaliza kuanika alirudi ndani. Leokadia alikuwa amelala vile vile alivyomwacha, midomo ina rangi nzuri kuliko asubuhi. Bibi akafunga mlango, akaketi kitandani kumsubiri aamke. Alisubiri mpaka yeye mwenyewe akaanza kuumwa kichwa. Nesi ndiye aliyeufungua mlango, mtoto mkononi.

Mganga wa kituo alitueleza baadaye kwamba mkaa una hewa mbaya isiyo na moshi wala harufu, na kwamba chumba kikizibwa hewa hiyo haina pa kutokea. Alisema si kosa la bibi wala la fundi. Aliyasema hayo mbele ya watu na ninamshukuru. Lakini tangu siku ile mtu akinisifia mlango naokota randa yangu naondoka.

Watu hawakukubali habari ya hewa isiyo na harufu. Wanasema upepo ulikasirika. Tuliufungia nje, ukavuta pumzi iliyokuwa ndani ukaondoka nayo. Wewe uliniaga ukilia kwamba nakwenda nchi ya wachawi. Nimekaa miaka sasa, mchawi sijamwona, lakini chumba kile nimekiona, na nakwambia bila utani: kinanuka moshi. Hewa iliyomwua binti yule hainuki, mganga ameapa, lakini kila anayepita pale anasikia harufu ya moshi, hata siku ambazo hakuna aliyewasha kitu. Nami nimeisikia. Nilikuwa naweka bawaba, jua la saa sita, nikageuka kuangalia ni nani amekuja na jiko.

Wanawake siku hizi wanazunguka nyuma ya tangi ili wasipite mbele ya mlango ule. Wanaopita huziba mdomo kwa khanga. Nesi Agripina anasema hayo ni mambo ya ushamba, lakini akifagia humo huimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa, na sauti yenyewe Mungu hakumpa. Vitanda vimetandikwa vizuri na hakuna anayevilalia. Tangu kipupwe wote wanajifungulia nyumbani.

Tumpe aliniambia amepita pale akasikia mtu anacheka ndani. Nikamwuliza kicheko gani. Akasema kile cha kunisema mimi.

Nilibembeleza, nikakaripia, nikarudi kubembeleza. Akaniambia, "Baba Tusa, kama ni kufa, nifie kwenye upepo." Ananiita bado kwa jina la yule tuliyempoteza. Nikamwuliza, na kama ni kupona? Akasema kama ni kupona, nimwambie huyo nesi wangu amtolee kitanda nje amzalishie chini ya tangi. Baadaye, ameshanigeuzia mgongo, akasema hatamsikiliza nesi wala mimi wala mganga. Atamsikiliza bibi Apolonia peke yake.

Kwa hiyo jana nikaenda kwa bibi. Nilimkuta na mjukuu mgongoni, anamlea kwa maziwa ya ng'ombe anayopewa na yule Msukuma. Ukutani vyungu vibichi vimejipanga; anafinyanga bado, ila hachomi. Nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza akiupaka maji udongo.

"Umekuja kuniomba niingie mle, fundi?"

Nikasema ndiyo, bibi, kama utaweza.

"Siwezi." Akaendelea na udongo wake kidogo. "Mlango wako ni mzuri. Usianze kutengeneza mibaya kwa ajili yangu. Lakini tuliomba mambo mawili."

Nikarudi nyumbani nikikokota miguu. Nakuandikia haya sijui mwisho wake. Tumpe yuko uani anapepeta ulezi, tumbo limeshuka.

*

Mama, naendelea. Ukiona wino umebadilika usishangae, ile kalamu ya kwanza imekufa katikati ya mambo. Barua niliiacha hapo juu, nikaenda kwa mzee Kasiani nikamwambia maneno ya bibi: tuliomba mambo mawili. Alichukua shoka.

Kesho yake wanaume walikuja na miti, wanawake na nyasi, kila mtu kama vile alikuwa amezikata siku nyingi akingoja kuambiwa. Tulijenga banda la duara hatua chache kutoka chumba cha wazazi, ukuta wa udongo wa kufika kifuani, juu wazi, paa la nyasi, na katikati mafiga. Mimi nilipanda kwenye chumba chenyewe nikang'oa mbao za juu madirishani na kutoboa dari chini ya paa, hewa ipite juu ya vichwa vya wagonjwa. Upepo ukaingia mara ile ile na kuzunguka ndani. Watu waliokuwa chini wakainua nyuso. Mmoja akavua kofia.

Siku hiyo hiyo ofisa wa kalamu mbili akapita na pikipiki, akauliza banda lile ni la nini na nani alitoa kibali, maana kwenye ramani halipo. Nilidhani mzee Kasiani atababaika. Alimsalimu kwa adabu, akamkaribisha kivulini.

"Hayo ndiyo maoni yetu," akamwambia. "Safari ile uliyasahau, tukaona tukusaidie kuyasimamisha."

Kijana wa watu hakucheka. Aliuliza jina la yule mama aliyefariki, akatajiwa, akaenda kuyatazama mafiga. Kisha akaondoka bila kuandika kitu. Vyoo navyo vimefunguliwa tangu siku hiyo. Sijui nani alimwambia nini mzee Kasiani.

Tumpe aliliona banda, akalisifu, akasema vizuri, mengine yatajulikana. Chumba bado alikataa. Uchungu ulimshika asubuhi ya mnada, nimesimama sokoni nachagua misumari. Waliponiita nilikuta ameketi chini penye tangi, mikono imeshika bomba, nesi amemwinamia anamsihi, na wanawake wamesimama mbali na vinywa vyao vimezibwa. Maji yalikuwa yameshavunjika na damu kidogo imeanza. Nesi akaninong'oneza kwamba hapa nje hawezi kumtundikia dripu, na kwamba nimweleze mke wangu haraka. Nilimweleza. Hata sikumbuki nilisema nini. Tumpe alikuwa ananitazama kama mtu anayesikiliza jambo lingine kwa mbali.

Ndipo bibi Apolonia akatokea upande wa vyoo, mtoto mgongoni. Nani alimwita, hakuna anayekiri. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba kile, akausukuma mpaka ukagonga ukuta, akasimama kizingitini. Nilimwona anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuzama majini. Hakuingia. Aligeuka, akaweka mgongo wake na mgongo wa mjukuu wake kwenye ubao wa mlango, akateremka polepole mpaka akakaa chini, miguu ameinyosha kuvuka kizingiti.

"Njoo, Tumpe," akasema. "Haufungwi huu. Nimeukalia."

Tumpe aliinuka. Akairuka miguu ya bibi, akaingia.

Mimi nilibaki nje, nikitazama ile miguu miwili mlangoni. Bibi hakuondoka pale. Mtoto alipolia alimhamishia mbele akamnywesha maziwa hapo hapo. Upepo ulipousukuma mlango aliurudisha kwa bega. Wakati fulani alikuwa anaongea, taratibu, akiwa amegeuza uso ndani, na kwa sababu nilikuwa karibu nilisikia kwamba haongei na Tumpe wala na nesi. Alikuwa anamwambia mtu asogee kidogo ampishe mwenzake.

Alizaliwa msichana, analia kwa hasira. Halafu damu ikaja, Mama, kama safari ile. Nilijua kwa sauti ya nesi, maana aliacha kuimba. Akachoma sindano, akawa anaukanda mji wa uzazi kwa mkono, akaita mganga, mganga akapita mbio juu ya miguu ya bibi. Sitakuficha kwamba wakati ule nilisikia harufu ya moshi tena, na moto wa bandani ulikuwa bado haujawashwa. Nilimtazama bibi. Naye alikuwa ameinua pua. Akapiga ubao wa mlango kwa kiganja, mara moja, kama unavyompiga mtoto anayechezea chakula cha watu, akasema, "Basi."

Damu ilikata. Mganga anasema ni sindano. Nami nasema ni sindano. Tumpe amelala, ameamka, amekunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari, kwa hiyo ni mzima.

Siku ya pili tulimhamishia bandani akaote moto, mgongo upate joto kama wanavyotaka wenyewe. Bibi ndiye aliyewasha. Wanawake wengine wawili wenye mimba walikuja wakakaa nasi, wakawa wanautazama mlango wa chumba, na hawakuziba mdomo. Tumpe alikuwa amepakata watoto wote wawili, wetu titi hili, mjukuu wa bibi titi lile, akasema kwa sauti ya chini kwamba tumefikiri, mtoto huyu tumwite Leokadia.

Ni kweli tulifikiri hivyo, usikasirike. Jina lililokuwa linamngoja ni lako.

Bibi hakuinua macho motoni. "Hapana," akasema. "Hilo mwenyewe bado analitumia."

Upepo ulikuwa unapita juu ya ukuta wa banda, na majivu yakawa yanainuka na kutulia.

Kisha akaniuliza kabla ya hilo tulikuwa tumefikiria jina la nani. Nikamwambia la mama yangu. Akauliza kama yu hai. Nikasema yu hai, yuko Tukuyu, magoti tu ndiyo yanamsumbua.

"Basi mpeni la aliye hai," akasema. "Na mwandikie alilete mwenyewe."

Kwa hiyo nimekuandikia. Njoo, Mama. Barabara niliyosema ni mbaya kwa mwenye mimba, kwako ni mbaya tu. Mvua zikikatika nitakuja kukupokea Tunduma, tupande wote. Uje na koti.

Nisalimie mjomba aliyenifundisha kushika msumeno, mwambie vidole vyangu vyote bado vipo. Nisalimie shangazi wa kule kwenye migomba ya chini, na mke wa mchungaji aliyetuombea safari ile ya kwanza. Mwambie ametusaidia kwa kuchelewa lakini ametusaidia. Ambokile namsalimu, na ninamwomba akumalizie barua kabla hajaenda kucheza mpira. Tumpe anakuamkia akiwa amelala. Bibi Apolonia anakusalimu bila kukujua. Mjukuu wako mwenye jina lako hana la kusema kwa sasa isipokuwa anapiga kelele, na tunamwacha apige.

Mimi mwanao wa mbao na misumari,
Asajile